Kopo Lenye Kilima

Kagongwa nzima ilijua bei ya dagaa wa Enock kabla ya kumwona Enock mwenyewe. Ilitangulia sauti ya mwanamke, imechangamka, kama ya mtu anayezuia kicheko: "Mwangaluka mayu, mwangaluka baba! Dagaa wa Mwanza wako mlangoni kwako. Wakavu, hawana mchanga. Bei yake, jamani, elfu mbili! Kopo lenye kilima, siyo la kufuta kwa kiganja. Njoo na bakuli, mama, njoo na bakuli!" Ndipo ilipotokea baiskeli, spika imefungwa kwa mpira kwenye usukani, gunia limekaa kwenye keria, na pembeni yake Enock akiisukuma, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na mitano, mchache wa maneno. Ikiwa ni saa kumi jioni watoto walicheka, maana mwangaluka ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma na ile sauti iliitoa kutwa. Enock hakucheka wala hakukasirika. Alisukuma baiskeli yake.

Mwenye sauti alikuwa mkewe, Philomena, Mama Ritha. Alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita.

Tangazo lenyewe walilirekodi kwa Noela, mwanamke mwenye kibanda karibu na stendi anayeweka nyimbo kwenye memori kadi na kurekodia watu matangazo ya biashara. Siku ile Enock ndiye aliyeanza kushika maiki. Noela alipomrudishia asikie, alisikika kama mtendaji wa kijiji anayeita watu kwenye mkutano wa michango. Philomena alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa Baba Ritha, hapo unauza dagaa au unakamata watu?" Akamnyang'anya maiki, akasema yote kwa mkupuo mmoja, hakurudia hata neno.

Na hayo maneno hakuyaokota njiani. Philomena hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini biashara aliijua kuliko wengi wanaoning'iniza vyeti ukutani. Bei itaje mwenyewe, alikuwa akisema, tena mapema. Mtu akikuuliza bei akakuta imemzidi, anaondoka na aibu, na aliyeondoka kwako na aibu harudi. Kuhusu kile kilima cha juu ya kopo hakutaka mjadala. "Wale dagaa wachache wa juu hawawezi kukufilisi. Lakini mteja atawasimulia wiki nzima."

Ugonjwa ulimchukua kwa wiki tatu tu. Wakamzika Didia, kwa wazazi wa Enock. Matanga yalipoisha, binti yao Ritha alirudi Katoro kwa mumewe, na Enock akarudi Kagongwa kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na viti vinne na mtu mmoja. Asubuhi iliyofuata alifunga gunia kwenye keria, akawasha spika. Philomena akasalimia mtaa kama kawaida.

Tangu hapo siku sita za wiki Enock alikuwa na mke. Jumapili spika ilikaa kwenye chaji, nyumba ikawa kimya, na yeye alikaa kibarazani akiingoja Jumatatu. Majirani walimpitia na salamu zao, akaitikia, wakapita. Watu husema mwanamume akifiwa ataoa, kana kwamba mke ni tairi la baiskeli. Enock hakuoa. Alikuwa mpweke, na upweke ule hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu aliyekuwa akiambiwa mambo yake yote ndiye aliyeondoka.

Sasa, ubaya wa sauti iliyorekodiwa ni kwamba haiendi sokoni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi hulala, bei Mwanza inapanda, halafu giza likirudi inashuka. Safari hii ilipanda ikasahau njia ya kushuka. Nauli ya gunia nayo ikapanda. Kila mchuuzi wa Kagongwa alikuwa ameshafika elfu tatu, ila Philomena aliendelea kutangaza elfu mbili kwa furaha ileile, mtaa kwa mtaa, mpaka Isaka.

Siyo kwamba Enock hakuliona. Kuna siku alimwambia mama mmoja kwamba bei ni elfu tatu. Yule mama akainua kidole, akaionyesha spika.

"Mwenye mali anasema elfu mbili," alisema. "Wewe unayesema elfu tatu ni nani?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Enock akapokea elfu mbili.

Akajaribu njia nyingine, ile ya wajanja. Akaona bei ibaki, kipimo kipungue. Alijaza kopo, akaweka kiganja juu ili afute kilima, na palepale Philomena akafika kwenye maneno yake: siyo la kufuta kwa kiganja. Enock aliutoa mkono haraka kama mtu aliyefumaniwa. Akarudisha kilima, akaongeza na kingine juu yake. Mteja akashukuru, wabeja sana, akaenda zake akitabasamu, na Enock akabaki na aibu yake na hasara yake.

Angeweza kurekodi upya, utasema. Kwa Noela ni kazi ya dakika kumi. Lakini spika ile ilibeba tangazo moja, na kuweka jipya ilikuwa kumwambia Philomena anyamaze. Hilo hakuliweza. Alikuwa ameshamzika mara moja.

Kwa hiyo biashara ikasinyaa. Kutoka magunia matatu kwa safari ikafika mawili, kisha moja. Ritha akampigia simu. "Baba, njoo Katoro ukae na sisi. Chumba kipo." Alisema kwa upendo, na mkwe alikuwa mtu mwema, lakini Enock aliwaza kuamka kila siku kwenye ua wa mkwe, akila kwa macho ya chini, mzee wa watu asiye na kazi. Huko spika ingekaa chini ya kitanda. Gunia moja ndilo lililobaki. Likiisha kwa bei ya elfu mbili, hapatakuwa na jingine, na Philomena atanyamaza vilevile.

Wiki hiyo kata iliitisha mafunzo ya wafanyabiashara wadogo. Mkufunzi aliitwa Eunice, afisa aliyeletwa kutoka Kahama, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Kabla ya kusoma aliwahi kuuza maandazi stendi, kwa hiyo hakuongea kama kitabu. Enock alikaa kiti cha nyuma kabisa. Haikumsaidia, maana Eunice alikuwa na tabia ya kuanzia nyuma.

"Shikamoo baba. Wewe unauza nini?"

"Marahaba. Dagaa."

"Kopo shilingi ngapi?"

"Elfu mbili."

Ukumbi ukaguna. Eunice akasogea karibu. "Elfu mbili, baba yangu? Hiyo bei ilipangwa lini?"

"Ni miaka minne sasa."

"Na nani?"

"Mke wangu."

Watu wakacheka, kicheko cha kawaida cha ukumbini. Akina mama wawili wa mtaani kwake, mbele kidogo, hawakucheka. Waliinamisha vichwa. Eunice alikuwa mgeni, hakuona.

"Basi rudi nyumbani ukae na mama mpange upya," alisema. "Bei isiyokurudisha Mwanza kununua tena siyo huruma, baba. Unawaaga wateja polepole bila wao kujua. Lakini msiwashtukize watu. Waambie kabla, kwa mdomo wako mwenyewe, na uwaambie sababu. Mteja anasamehe bei, hasamehi kushtukizwa. Halafu kile wanachokupendea usikiguse. Kwako wanapenda nini?"

Enock alifikiri. "Kilima."

"Basi kilima kibaki, bei ndiyo ibadilike. Mwambie mama hivyo."

"Nitamwambia," alisema Enock.

Kwa nini hakusema ukweli? Midomo ilishafunguka kusema. Lakini kwa miaka miwili hakuna aliyemtaja Philomena kama mtu anayeweza kuambiwa jambo. Walimtaja kwa marehemu, kwa pole, kwa kazi ya Mungu. Mwanamke huyu alikuwa amempa ujumbe wa kupeleka nyumbani kwa mkewe, na kwa Enock ulikuwa mtamu. Aliubeba hivyohivyo mpaka nyumbani.

Na aliufikisha. Jumapili baada ya ibada alikaa kibarazani, spika ikiwa kwenye chaji mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mama Ritha, wanasema twende elfu tatu. Kilima kibaki." Kuku walipita uani. Hakuna aliyejibu. Alijua hakuna atakayejibu, ila hata hivyo alingoja kidogo. Kisha akaingia ndani akalia, mara ya kwanza tangu mazishi ya Didia.

Jumatatu alitoka bila kuwasha spika. Alipita mlango kwa mlango, akapiga hodi, akasema kwa mdomo wake kwamba gunia limepanda Mwanza, kwamba kuanzia wiki ijayo kopo ni elfu tatu na kilima kiko palepale. Ilimtoa jasho kuliko kupandisha baiskeli mlimani. Miaka yote spika ilimwongelea, na yeye akawa mkono tu wa kupokea noti. Wengine walinung'unika. Mmoja alimfungia mlango. Lakini wengi walimuuliza habari za siku nyingi, wakamtajia watoto wao waliohamia Geita kwenye machimbo, na mzee mmoja alimshikilia nusu saa akimweleza ng'ombe wake. Enock alirudi amechoka masikio.

Jumamosi akaenda kwa Noela.

"Tufute hili la zamani, turekodi jipya?" Noela aliuliza, mkono ukiwa tayari kwenye kompyuta.

"Usifute!"

Noela akautoa mkono. Alimjua Philomena. Alikikumbuka kile kicheko cha siku ile, mteja amekaa sakafuni. Akavuta kiti.

"Kilichoharibika ni maneno mawili tu, Baba Ritha. Elfu mbili. Mengine yote bado ni kweli. Nikitoa hayo mawili, wewe ukaingia hapo, si inatosha?"

Akamvisha spika za masikioni. Miaka minne Enock alikuwa amemsikia mkewe barabarani, katikati ya vumbi na bodaboda. Sasa alimsikia sikioni kabisa, karibu kama zamani. Na akasikia kitu ambacho barabara haikuwahi kumpa. Baada ya "bei yake, jamani," Philomena alivuta pumzi, fupi, ya mtu anayejiandaa kusema jambo zuri.

"Hapo kwenye pumzi," alisema Noela. "Ingia hapo."

Mara ya kwanza alitoka mtendaji wa kijiji. Mara ya pili vilevile. Ya tatu alikohoa. Mara ya nne alifumba macho, akangoja ile pumzi, akajibu kama mtu anayejibu swali lililotoka chumba cha pili.

"Elfu tatu."

Noela hakumwambia arudie. Alishughulika na kompyuta kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Na haya mawili niliyokata?" aliuliza bila kugeuka.

"Niwekee kwenye simu."

Jumatatu mtaa ulisimama kusikiliza. "Bei yake, jamani," alisema Philomena. "Elfu tatu," akajibu Enock kwenye spika, mzito, mpole. "Kopo lenye kilima, siyo la kufuta kwa kiganja!" akamalizia Philomena, kana kwamba anamwonya. Watu walicheka vizuri sana. Watoto waligawana sehemu, mmoja anakuwa mama, mwingine anakuwa mzee. Aneth, rafiki wa Philomena wa kanisani, alitoka na bakuli, akasikia, akasimama. Alinunua makopo mawili, na noti alizitoa zimekunjwa kiganjani.

Wateja hawakurudi wote, maana biashara siyo hadithi ya kulalia watoto. Lakini kufikia mwezi wa tatu Enock alikuwa anashusha magunia mawili, na Ritha hakuuliza tena habari za chumba. Alianza kufika mbali zaidi, mpaka mtaa mpya upande wa Kahama ambako wachimbaji wamepanga vyumba na wake zao. Kule hakuna aliyemjua.

Siku moja mchana mwanamke kijana alitoka mbio na bakuli, mtoto mgongoni, anacheka tangu mlangoni.

"Shikamoo baba. Kumbe ndiyo nyie! Kila nikiwasikia nacheka peke yangu. Mume wangu yuko shimoni wiki ya pili sasa, hapa ndani sina hata wa kubishana naye."

"Marahaba," alisema Enock. Akajaza kopo, akapandisha kilima.

"Mnapendana nyie. Inasikika. Mama mwenyewe mbona hatumwoni?"

"Yeye hukaa nyumbani."

"Basi mwambie nimempenda. Ana sauti ya mtu mwema. Msalimie sana, baba."

Enock alimimina dagaa kwenye bakuli. Akachota tena, akaongeza juu ya kilima, mpaka wachache wakadondoka chini. Kwenye usukani spika ilikuwa imefika pale kwenye pumzi.

"Zimefika," alisema.