Panga la Bibi Katika Mwezi wa Rozari

Juzi nilitoka Rubwera, ninakofanya kazi, nikaenda Ndama kuwasalimu watu wa nyumbani. Nikakuta mwezi wa Rozari umeanza na sanamu ya Bikira Maria inapita nyumba kwa nyumba kama zamani. Ila siku hizi hakuna anayegusa mgomba wa mwenzake. Nikacheka peke yangu, maana aliyesababisha hayo ni bibi yangu mzaa baba.

Kama hukukulia kwetu, ngoja nikusimulie. Enzi zile, siku moja kabla sanamu haijaingia kwako, jumuiya nzima ilikuja kukusafishia kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Watu wanakata majani makavu huku wanataniana, na sisi watoto tunatandaza nyasi mbichi sebuleni mpaka nyumba yote inanukia. Kesho yake, wakati wa sala, jikoni kuna ndizi na maharage vinatokota chini ya majani ya mgomba, na kahawa za kutafuna ziko tayari kwenye kikapu kidogo. Nakiri dhambi yangu: macho yalikuwa kwa Bikira Maria, pua ilikuwa jikoni.

Bibi alikuwa na panga kali kuliko yote pale kijijini. Alilinoa kwenye jiwe la uani kila asubuhi, na hakuna nyumba iliyosafishwa bila yeye kutangulia. Alijivuna kidogo, Mungu amsamehe. "Panga hili ni la Mama Maria," alikuwa akisema, na wenye mapanga butu wanaliazima.

Basi mwaka mmoja migomba ikaanza kunyauka. Ilianzia kwa jirani yetu, mama mjane aliyekuwa rafiki wa bibi tangu usichana wao. Majani yaligeuka njano kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zikaiva zikiwa changa, ukizipasua ndani zimeoza. Wiki iliyofuata ikawa nyumba ya pili, halafu ya tatu, vilevile kama sanamu ilivyopita. Hapo minong'ono ikaanza. Baba mmoja alisema waziwazi kwamba kwake sanamu isikanyage. Usimcheke, maana kwetu mtu akikosa migomba amekosa chakula cha mchana, cha jioni na cha mgeni. Tuliendelea kusali, lakini kwa sauti za chini.

Ndipo bwana shamba akaja na pikipiki yake, akatukusanya. Alisema ugonjwa ule unabebwa na panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukaenda kukata mzima bila kulichoma panga motoni, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako.

Nilimtazama bibi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, haisogei. Siku mbili hakugusa chakula. Asubuhi ya tatu nilimkuta kapiga magoti katikati ya migomba, anasema kwa Kinyambo chetu, "Nionyeshe njia, mimi sijui." Hayo tu, anayarudia. Niliogopa sana. Nilikuwa nadhani wakubwa wanajua kila kitu, kumbe! Angeweza kunyamaza tu. Mapanga yalikuwa mengi, nani angejua? Lakini kunyamaza kungekuwa uongo mbele ya Mama Maria, na kusema kungempotezea rafiki yake.

Alasiri ya siku hiyo ilikuwa zamu yetu kuipokea sanamu. Katekista alipouliza nani ana nia ya kuombewa, bibi akasimama.

"Waitu, ndugu zangu, ni panga langu," alisema. "Nimelipitisha kwenu wote. Nilianzia kwa huyu dada yangu, nikaja kwenu na ugonjwa wake. Sikujua. Mnisamehe."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yule mjane akainuka polepole, nikajua sasa anaondoka na urafiki umekwisha. Akaenda mpaka aliposimama bibi, akamshika mkono.

"Nilikuita mwenyewe, na ukanimalizia kibanja," alisema. "Sasa kaa tusali. Kesho uje tung'oe. Na hilo panga ulipitishe motoni kwanza, wewe mwanamke!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kuanzia kesho yake moto uliwashwa kila nyumba tuliyokwenda kufanya kazi, na panga la katekista nalo likachomwa. Tuling'oa na kufukia mpaka viganja vikachubuka. Kwetu yalikuwa yameugua mashina machache tu, kwa hiyo karibu kila wiki bibi alijitwisha mkungu kwenda kwa mjane, na wanarudi wote wawili wanabishana kuhusu chumvi ya maharage. Nakwambia, sikumbuki kama tulikuwa na shida mwaka ule. Nakumbuka nyumba iliyojaa watu.

Baadaye jumuiya iliamua kwamba kila mtu akate migomba yake mwenyewe. Ni uamuzi mzuri, ugonjwa ulikwisha. Bibi naye alishatangulia, na mimi nikiwa njia panda huwa nasali sala yake ile fupi, sina nyingine nzuri zaidi.

Juzi hiyo nilipita kwa yule mjane. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, ila ulimi ni uleule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa, nasikia kwenye hatua."

Nikamuuliza swali nililobeba tangu utoto: aliwezaje kumsamehe bibi palepale, mbele ya watu?

"Palepale?" Akacheka mpaka akakohoa. "Palepale nilitaka kumzaba kofi. Nilimshika mkono kwa sababu sikujua kingine cha kufanya mbele ya Bikira Maria. Msamaha ulinijia siku ya nne, tunang'oa, jasho linatutoka, namwona anavuta kisiki huku analia." Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Sasa nyie mnasali, mnaondoka. Mnasameheana saa ngapi?"