Mke wangu alitolewa fibroids kwa matundu, utumbo ukajeruhiwa

Wakuu, poleni na majukumu. Naleta hili bila chumvi, na jina la hospitali msiniulize.

Mke wangu alikuwa na fibroids, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Hedhi inamwagika mpaka anaishiwa damu, na mtoto hatujapata. Daktari akasema zinatoka kwa laparoscopy, matundu madogo tu, kizazi kinabaki. Tukafurahi jamani!

Akafanyiwa, akarudi nyumbani Temeke. Vidonda vyenyewe vya kutafuta kwa tochi.

Mama mkwe akavuka kutoka Kigamboni kuja kumkanda. Watu wa Pwani mnajua, mzazi lazima akandwe maji ya moto. Huyu hajazaa, lakini kwa mama, ukitoka hospitali na kidonda cha tumbo wewe ni mzazi tu, hakuna mjadala.

Tumbo likaanza kuvimba. Homa, kutapika. Majirani wanasema anadeka, vidonda gani hivyo? Mama keshabandika sufuria.

Mke wangu akakataa, na huyu si mtu wa kumbishia mama yake. "Mama, nisamehe, leo sikandwi. Mume wangu, nipeleke hospitali. Hili tumbo siyo zima."

Tukamkuta daktari yuleyule. Akampima, akampeleka CT scan, kisha akatuambia tukae.

"Utumbo umetoboka. Nimeujeruhi mimi kwenye upasuaji na sikuona. Lazima tufungue tumbo sasa hivi. Kizazi nitakilinda, ila ikibidi kuchagua, nachagua uhai wake."

Wakuu, nilitaka kumkunja shati. Halafu nikafikiria. Ni wangapi wangekwambia "mapenzi ya Mungu" wakakupa Panadol urudi nyumbani? Huyu alisema "mimi", mbele ya mama mkwe!

ICU ilitutoa jasho, mama na tasbihi yake kwenye benchi. Alhamdulillah, mke wangu mzima na kizazi kipo. Huyu mke wangu ni jasiri, namvulia kofia.

Funzo: tundu dogo siyo upasuaji mdogo. Homa, kutapika, tumbo kuvimba, rudi hospitali haraka. Kukanda kusubiri.

Ndugu wote wanataka tumshtaki daktari. Mke wangu mwenyewe kawajibu, "Nikijaaliwa mimba, naenda kwake. Wengine sijui kama wataniambia ukweli."

Aliyepitia haya atupe uzoefu. Na nyie mnaotaka tushtaki, mjibuni yeye, mie nimeshindwa.