Sahani ya Mama Zaituni

Biskuti kavu zikipondwa kwa chupa hutoa harufu ya vanila, na mimi nikiisikia hadi leo napandwa na hasira kabla hata sijakumbuka kwa nini. Wenzangu Noeli huwakumbusha kwaya na nguo mpya. Mimi hunikumbusha sahani ya bati yenye maua mekundu, hapa hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nilipokuwa na miaka kumi. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya baba kufariki.

Keki hiyo tuliiita gato, ingawa haikupita motoni hata kidogo. Mama hakuwa na tanuri. Jirani yetu Mama Zaituni ndiye aliyemfundisha namna ya kuipanga tabaka kwa tabaka. Chini, kwenye sinia, tuliweka biskuti zilizopondwa na kukandwa na siagi iliyoyeyushwa juani ndani ya kikombe. Katikati karanga za Mboko, zilizotwangwa na sukari hadi zikachuruzika mafuta. Juu maziwa ya unga yaliyokorogwa na kakao mpaka yakawa mazito. Kila tabaka tulilishindilia kwa mgongo wa kijiko. Kisha, asubuhi na mapema, sinia lilifunikwa vizuri na kuzikwa nusu kwenye mchanga mbichi wa ziwani, kwenye kivuli cha matete, ili gato igande. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku na mbuzi. Zaituni, binti wa jirani huyo na rika langu, alikuja kukaa nami, miguu yetu majini, tukilifunua sinia kila mara kuligusa kwa kidole. Nilimwahidi kipande cha pembeni, pale kakao inapoganda nene. Aliniapisha, nami nikaapa.

Kwao walikuwa Waislamu, na kila Idi sahani yao ya maua mekundu ilikuja kwetu na pilau, imefunikwa kitambaa. Tulikula, mama akaiosha, akaiweka juu ya kabati, ikangoja Noeli irudi kwao na gato. Mambo yalikuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Sahani ingeweza kukaa miezi na hakuna aliyeiulizia, kwa sababu kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia chakula chake hukukithamini, na asikuletee tena. Mtoto wa miaka mitano alilijua hilo.

Baba mdogo alilijua pia, ndiyo maana sijamsamehe. Alitoka Uvira kuja kutusimamia baada ya msiba, akakalia kiti cha baba, akaanza kutoa amri hata jikoni. Siku ile ya Noeli mama alikuwa tayari ameshika kisu, anakata vipande, sahani ya Mama Zaituni iko kando yake.

“Hiyo ya nani?” baba mdogo akauliza.

“Ya Mama Zaituni, shemeji.”

“Hii gato iko ya bageni bangu. Haitatosha. Mama Zaituni anafanyaka Noeli tangu lini?”

“Sahani yake iko hapa tangu Idi.”

“Basi mumurudishie sahani yake, tumalize. Faida, kamata, peleka.”

“Shemeji,” mama akasema polepole, “sahani hairudishwake tupu.”

“Mu hii nyumba nani anaongea?”

Nikamtazama mama. Nilingoja aseme neno moja tu. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukata gato ya wageni, na machozi yake yakadondokea mkononi mwake. Nilimhurumia, na nilimkasirikia vilevile. Nikaichukua sahani, nikaifunika kitambaa chake.

Kutoka kwetu hadi kwa Mama Zaituni hazikuzidi hatua arobaini. Zaituni ndiye aliyeniona kwanza, akaja mbio akicheka, akainua kitambaa. Akakirudisha polepole. Mama yake alitoka, akaipokea sahani kwa mikono miwili kama kwamba imejaa. “Aksanti, mwanangu,” akasema. “Mama yako iko muzuri?” Nikajibu yuko mzuri. Nyumbani niliwakuta wageni wa baba mdogo wakijilamba vidole, na vipande vinne vimebaki kwenye sinia bila mwenyewe. Vinne! Jioni vilipewa mbwa wa mgeni mmoja. Idi iliyofuata pilau haikuja. Zaituni akawa anateka maji ng'ambo ya mto tuliozoea kuteka pamoja, asikutane nami, na mwaka ule ule vita vikawapeleka rasi ya Ubwari, nisiwaone tena kwa miaka mingi.

Leo nina friji inayotumia jua, na gato inaganda kwa saa mbili bila mtu kuilinda. Mama ameshafariki. Baba mdogo amezeeka, hana mtu mwingine, kwa hiyo anakaa kwangu. Namlisha, namfulia, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Mwaka jana nilisikia Mama Zaituni amerudi Baraka, peke yake, Zaituni ameolewa Kigoma. Noeli ilipofika nilikata gato, nikajaza sahani yangu kubwa kuliko zote, vipande vya pembeni juu, nikaenda mwenyewe.

Alinitambua mara moja. Akanikaribisha, akaonja kipande, akatafuna taratibu. “Ni tamu, Faida. Karanga umeweka kama mama yako.” Tuliongea vizuri, akauliza habari za watoto wangu. Kisha akahamishia vipande kwenye bakuli lake, akaiosha sahani, akaifuta hadi ikakauka, akanikabidhi pale pale.

“Sahani yako hii, mwanangu.”

Nikaibeba tupu njia nzima, watu wakinipa heri ya Noeli. Sikumlaumu. Nilikuta baba mdogo amekaa barazani, shali mabegani, makombo ya gato kwenye ndevu zake.

“Bamekurudishia nini?” akauliza.

Nikaiweka sahani mapajani mwake, nikaingia ndani.