Nyota ya Chaki

Juzi mjukuu wangu Neema aliacha ugali upoe, macho kwenye simu. "Bibi, nimebakiza nyota moja tu!" Nikamuuliza nyota hiyo itampa nini. "Itanifungulia nyingine." Nikamfunikia ugali wake, maana mjinga huyo niliwahi kuwa mimi.

Alasiri moja ya utoto wangu shamba la mkonge lilinuka uchachu. Nilikuwa namsaidia mama kufunga mizigo ya majani, mnyapara akaja akanichora nyota ya chaki mgongoni. "Malkia wa mkonge huyu! Nani atamfikia?" Basi watoto wote tukaanza kukimbia na majani tukigombea nyota zake, miiba inatuchoma mapaja hata hatusikii. Sukari ilikuwa imeadimika madukani, nami nilidhani nyota tano zitanipa kilo nzima.

Zilipotimia nikamwendea. "Shikamoo mzee. Naomba sukari yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba. Lamba chaki, mwanangu."

Mama hakucheka. Alinisugua mgongo kwa kanga mpaka ukauma. "Punda akipambwa, ujue mzigo unaongezwa."

Asubuhi yake mnyapara alitangaza kila mama ataongeza mizigo kumi, kwani hata watoto wameiweza. Wale mama hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.