Mbwa Aliyekataa Nyama Mbele ya Watu

Jua halijatoka hapa Pasiansi, Mwanza, na ukungu wa ziwa umewafunika ng'ombe hadi magotini. Mihayo, mchunga wa ng'ombe wa maziwa, anachomeka fimbo yake ardhini na kwenda zake kunywa uji. Mbwa wake wa rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala, anakaa kando ya fimbo na kuwatazama ng'ombe.

Mwandishi wa habari hii alimwita. Alimpigia mluzi. Alimwonyesha hata kipande cha sato wa kukaanga, kifungua kinywa chake mwenyewe. Mbwa alimtazama samaki, akameza mate, akarudisha macho kwa ng'ombe.

"Usijisumbue, bwana," anasema Mihayo, bakuli mkononi. "Fimbo ikisimama, yuko kazini. Nikiing'oa, ndiyo ruhusa."

Mbwa huyo jike anaitwa Watasema. Huku wengi huwapa mbwa majina ya kuwafikishia majirani ujumbe, na Mihayo alikuwa nao ujumbe kwa waliomcheka alipomwokota. Mama yake ni mbwa wa kijijini. Baba yake hajulikani.

Mihayo alitoka Kwimba akiwa kijana. Mshahara wake ni wa mchunga, yaani mdogo, pamoja na kikombe cha maziwa jioni. Alimfundisha Watasema kwa fimbo badala ya sauti. "Ukipiga kelele unawashtua ng'ombe," anaeleza, "na ng'ombe aliyeshtuka anakunyima maziwa."

Masika ya mwaka jana alianguka kwa homa malishoni. Wapita njia walimbeba hadi hospitali; fimbo aliyokuwa ameichomeka hakuna aliyeikumbuka. Asubuhi mkewe, Suzana, alikwenda kuwatafuta ng'ombe.

"Nilimkuta mbwa palepale, amelowa mvua, ng'ombe wote wamelala karibu yake," anasema Suzana. "Nilidhani amekufa akiwa amekaa. Nilipong'oa fimbo ndipo akainuka. Nililia, sikufichi."

Bwana Vasant, mwenye ng'ombe, alipohadithiwa aliona wametia chumvi. Mwaka huu aliagiza mbwa wa kizungu kutoka Nairobi, na zizi lake, alisema, halikuhitaji mbwa wawili. Watasema aondoke.

Ikatokea kwamba maonyesho ya mifugo ya juma lililopita, kwa mara ya kwanza hapa Mwanza, yalifungua mashindano ya utii kwa mbwa wa aina yoyote, hata wasio na ukoo. Mihayo akamwomba tajiri wake jambo moja: Watasema akishinda, abaki. Vasant akakubali, pengine kwa kuwa hakuona hatari yoyote.

Watasema alitembea ubavuni mwa bwana wake vizuri, akaketi vizuri, akaruka vizuizi kama anavuka mfereji. Likabaki jaribio la mwisho: mwenye mbwa amwache, aende ng'ambo ya uwanja, kisha amwite.

Hapo mazoea yalimponza Mihayo. Alichomeka fimbo, akaenda zake.

"Niliikumbuka nilipofika mwisho," anasema. "Kurudi hakuruhusiwi. Nikasema moyoni, nimemfukuzisha mbwa wangu kwa mkono wangu."

Alimwita. Watasema akamtazama, asiinuke. Akamwita tena. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwamuzi, mama mmoja wa kizungu, akadhani mbwa ni mkaidi. Akachukua pande la nyama, akamwita kwa upole, mwishowe akaliweka kwenye nyasi mbele ya pua yake.

Watasema alitetemeka. Mate yalimdondoka. Hakuinuka.

Waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja, mpaka ukasikia bendera zikipigwa na upepo. Mwandishi alikuwepo, na hatasahau ukimya ule. Mnyama mwenye njaa alikuwa amekataa nyama kwa sababu ya kijiti kilichosimama ardhini.

Mihayo aliporuhusiwa kurudi, akaing'oa fimbo. Watasema alimrukia kifuani. Kisha akageuka, akala nyama yake.

Kombe alipewa mbwa mwingine, kwa haki, maana kanuni ni kanuni. Vasant aliondoka bila kuaga. Alfajiri iliyofuata alikuja zizini peke yake, akasimama kwa muda mrefu akimwangalia Watasema na fimbo.

"Mimi napeleka simu Nairobi," akamwambia Mihayo. "Mbwa ile isije. Mbwa ya kombe nitaweka wapi? Mimi nataka mbwa ya ng'ombe."

Majirani sasa wanamshauri Mihayo amfundishe kuja akiitwa, fimbo iwepo isiwepo, ili mwakani alete kombe. Anatikisa kichwa.

"Siku nikianguka tena, halafu mtu akamwita, si ataondoka?" anauliza. Anakomba uji wa mwisho. Mpango wake ni kuwaendea wakubwa wa maonyesho kabla ya mwakani na kuwaomba waongeze jaribio moja. "Kuja wakiitwa, mbwa wengi wanaweza. Waweke na shindano la kubaki. Hapo tutakwenda, mimi na mwenzangu."

Anaweka bakuli chini, anakwenda kuing'oa fimbo. Watasema anainuka, anajinyoosha, kisha anakuja moja kwa moja kwa mwandishi kudai sato wake.