Hatulii Huyu

Mwalimu wa hisabati ana vidole virefu vyenye vumbi la chaki mpaka kwenye kucha, na sauti ya mtu anayeita mbuzi waliovuka barabara. Akiandika swali la kugawanya, husimama katikati, kikombe kimekauka. “Asmaa! Chai!” Humtuma Asmaa kwa sababu Asmaa hatulii, na asiyetulia, kwa maoni yake, Mungu kamuumbia miguu. Juzi alimwita mama mtu, Mwamina, anayenunua ufuta vijiji vya Nachingwea na Ruangwa: binti arudie darasa la nne, maana kichwa hakikai kwenye hesabu. Leo Mwamina ameketi dawati la nyuma kujionea, na macho yaliyozoea kuchunga kidole cha mwenye mizani kisiongeze uzito. Kipindi kimoja tu, mtoto katumwa maji, katumwa rula, katumwa kuangalia kama simu ya mwalimu imejaa chaji. Daftari lake lina mstari wa kwanza tu wa kila swali.

“Unaona, mama? Hatulii huyu,” mwalimu akasema, akitikisa kikombe. “Asmaa, hebu kimbia...”

“Keti, Asmaa.” Mwamina akakipokea kikombe. “Kutulia kunamshinda, mwalimu, sikatai. Ndiyo maana nikamleta kwa mtu mzima. Chai naifuata mimi. Wewe kaa naye mpaka swali liishe.”

Mwalimu akautazama ubao, kisha akakitazama kipande cha chaki mkononi.

“Basi pitia na chaki ofisini, mama,” akasema. “Hii haitafika mwisho wa swali.”