Raba Chini ya Kamera ya Mjerumani

Mjomba wangu, mdogo wake mama, amepiga picha watu wa Mgeta mpaka nadhani hata mbuzi wa kule wanajua kukaa vizuri mbele ya lenzi. Kamera yake ni moja tu, ya mkanda, nzito kama tofali la kuchoma, na mbele ina jina refu la Kijerumani ambalo yeye hulitamka kama mtu anayekohoa. Aliinunua ujanani kwa daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Akapanda nayo milima, na tangu wiki ile watu wakamwita Mjerumani. Naye hakukataa. Alichongesha muhuri, akawa anaugonga nyuma ya kila picha: PICHA YA MJERUMANI.

Wapiga picha wengine walipokuja gulioni aliwauliza jambo moja tu, kamera zao zimetoka wapi. Wakisema Japani, alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha aliwakumbusha kwamba reli aliyoijenga Mjerumani inapita Kingolwira mpaka leo.

Sebuleni kwake kuna ukuta wa picha za ndugu. Wamezaliwa saba tumbo moja, na picha zimepangwa kwa kufuata kuzaliwa. Kati ya mama yangu na kitinda mimba wao kuna msumari mtupu. Huo ni wa mjomba. Hakuwahi kupigwa, kwa sababu hakuna mtu aliyeruhusiwa kuishika kamera. Alipofika umri wa kuamkiwa shikamoo hata na wazee, akaanza kusema anataka msumari wake upate picha, na iwe ya kamera ile ile. Ya simu hakuitaka. Alisema ndugu zake sita wamepigwa na mashine moja, sasa yeye aliyebaki akae ukutani kama mgeni?

Mkanda alikuwa nao mmoja, wa mwisho, kauhifadhi ndani ya chungu. Baridi ya Mgeta inaweza kutunza samaki wa kukaanga mpaka Idi ya mwakani, sembuse mkanda. Kilichokosekana ni lenzi. Na aliyeivunja lenzi ni mimi.

Ilikuwa na ukungu kwa ndani, akanipa niipeleke mjini isafishwe ili apigwe hiyo picha. Nikaifunga kwenye begi nyuma ya bodaboda, juu ya gunia la njegere. Kwenye makorongo ya kushukia Mlali tukaanguka. Njegere zilitiririka mlimani mpaka Mlali wakala mboga ya bure wiki nzima. Kamera yenyewe haikupata hata mkwaruzo, ila kioo cha lenzi kilipasuka katikati.

Mjomba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliandika lile jina la Kijerumani kwenye karatasi, akaniambia nitafute lenzi yenye jina hilo na si jingine. Nilitembea na karatasi ile miaka miwili. Niliwaonyesha wafanyabiashara wa Dar, walimu waliohamishwa, wanafunzi wa chuo, na nusu ya abiria wa stendi ya Msamvu. Hakuna aliyewahi kuliona.

Pale mjini kuna fundi redio, Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Waluguru na ana ruhusa ya mila kunitukana kabla ya salamu. Karatasi yangu alishaiona mara tano, na mara zote alisema hana. Safari ya sita nikampelekea kamera yenyewe. Akaigeuza. Chini ilikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobandikwa kwa gundi. Sisi wote tulijua ni cha kuikinga isichubuke.

"Mbona mmemvalisha viatu?" akauliza, na kabla sijamzuia alikuwa ameshaibandua ile raba kwa kisu. Chini yake kukawa na herufi ndogo za Kiingereza. Akanisogezea. "Haya, msomi, soma."

Ananiita msomi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne shule ya jioni, nikiwa na watoto wawili na upara unaoanza. Cheti changu nimekitundika karibu na feni kisisikie joto. Basi nikasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: imetengenezwa Japani.

Fundi alicheka mpaka redio mbili zikajiwasha. Akavuta boksi chini ya meza, akatoa kamera mfu ya Kijapani, akaichomoa lenzi, akaipachika kwenye ya mjomba. Akazungusha robo. Ikalia ka, ikakaa kama imezaliwa pale.

"Miaka miwili," akasema, "Waluguru mnatafuta ng'ombe kwa jina la mnunuzi."

Akanieleza kwamba lile jina la mbele ni la duka tu. Kule Ujerumani palikuwa na maduka makubwa yasiyotengeneza hata msumari. Yaliagiza kamera Japani na kuomba ziandikwe jina la duka. Nikamwelewa upesi, maana nimeona mchele wa Turiani ukifika Dar na kuitwa wa Mbeya.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nilipanda mlima nikiwa na lenzi mkono mmoja na aibu ya mjomba mkono wa pili, na nawaambia aibu ndiyo iliyokuwa nzito.

Nilimkuta sebuleni na mama, aliyekuja kumtembelea na alikuwa akimenya njegere. Nikawaamkia, nikampa mjomba kamera. Hakuitazama lenzi. Alipitisha kidole chini, pale penye raba, kikapita bila kukwama.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma, mjomba."

Akasema raba ile aliibandika mwenyewe. Alipogundua yale maandishi, gulio lilikuwa limeshapita na watu walishaanza kumwita Mjerumani. Akajiambia kesho atawaeleza. Kesho hiyo haijafika mpaka mimi nimeota upara. Ndipo nikaelewa. Lenzi za kufaa zilikuwa gulioni siku zote, kwenye shingo za wale wale aliowasikitikia, na asingeweza kumwomba hata mmoja wao. Akaiweka kamera mezani. Alisema basi, msumari ubaki hivyo hivyo, umeshazoea.

Mama hakuinua kichwa. "Jina lako la pili ni la nani?"

"La baba, dada. Unalijua."

"Na lukolo lako?"

Lukolo ni ukoo. Sisi Waluguru jina tunapewa la upande wa baba, lakini ukoo tunaufuata wa mama.

"La mama," mjomba akajibu, polepole.

"Basi na hiyo kamera ni Mluguru. Jina kapewa na baba yake Ujerumani, lukolo lake liko Japani. Wewe umemfunika mama wa mtu kwa tyubu ya baiskeli miaka yote hii, halafu unaona aibu ya kupigwa picha?"

Mjomba aliinuka, akaingia chumbani, nikadhani amekasirika. Akatoka amevaa koti.

Mkanda akauweka yeye. Akapima mwanga kwa jicho, akahesabu hatua, akachora mstari chini kwa kisigino, kisha akanikabidhi kamera, mimi niliyeivunja. Aliniambia nisiguse chochote ila kitufe, na nisipumue. Niliizuia pumzi mpaka nikaiona milima ya Uluguru miwili miwili. Nikabonyeza.

Mkanda ulisafishwa Dar. Picha ina weupe kwenye kona moja kwa uzee wa mkanda. Mjomba anasema huo ni ukungu wa Mgeta wenyewe. Kichwa chake chote kimo, na mimi nilikuwa nimeomba dua kwa hilo tu. Kabla ya kuitundika aliigeuza, akaigonga muhuri kama nyingine zote: PICHA YA MJERUMANI. Akaitazama kidogo. Kisha akaomba kalamu yangu, akaongeza chini yake kwa mkono: lukolo Mjapani.